Silva ya Bawa la Kushoto

Tarehe 3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kile kiti chako kilichofungwa mguu kwa waya, na miwani umeiweka mahali ambapo hutaiona mpaka uikalie. Mimi sijambo. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za goti ukanijibu habari za kuku, nikaona heri kalamu. Miaka yote ile ya kusimama karibu na injini imeyamaliza masikio yako, ila kusoma najua bado unasoma.

Mama hajambo? Mnaishi ukuta kwa ukuta, basi mwambie ule mto alionishonea umefika na haujaachia hata uzi mmoja. Mwambie pia apumzike. Akimaliza mshono anauvuta mara tatu kuona kama umeshika, kila mshono, hata wa pazia la choo. Vidole vyake si vya msichana tena.

Kazi nimeizoea. Karakana yetu ni banda kubwa la bati pembeni ya uwanja mdogo wa ndege. Tuko mafundi watatu, na wa vitambaa ni mimi peke yangu. Wageni wanashangaa wakigusa bawa la ndege na kukuta ni nguo. Nawaambia ndiyo, ni nguo, imevutwa juu ya mbavu za mbao, ikashonwa, ikapigwa pasi na kupakwa dawa mpaka ukiigonga inalia. Kuna mmoja alirudisha mkono upesi na kusema yeye atasafiri kwa basi.

Sasa sikia. Mkuu wetu amenunua ndege ya mtumba, ya viti viwili, nyekundu kama nyanya. Nilianza kupiga msasa mkiani ili niweke kiraka. Chini ya nyekundu nikakuta njano, chini ya njano bluu, na chini ya bluu rangi ya silva safi kabisa, ile inayozuia jua lisile nyuzi. Bluu ile nikaijua. Mjomba, ni Shangazi! Ndiyo ile ndege mliyoipa jina hilo kwa sababu ilikuwa inalalamika tangu kuwashwa mpaka kuzimwa. Nimekwenda kutazama ubao wa kiti cha nyuma, na yule samaki niliyemchora kwa msumari nikiwa na miaka tisa bado yupo. Sikio langu limekumbuka ulivyolifinya.

Mkuu anataka iruke mwezi wa tano, kuna kazi ya kuhesabu wanyama kutoka angani. Bawa la kulia naona lilivalishwa upya baada ya yale mambo. La kushoto bado lina kitambaa cha wakati wenu, cha miaka kumi na sita sasa, ingawa juu limepakwa rangi mpya linang'aa. Unakumbuka nini kuhusu bawa hilo? Chochote utakachoniambia kitanisaidia.

Mpwa wako,
Sindano


Tarehe 19 Machi

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani.

Huku hatujambo. Paa langu linavuja juu ya kitanda tu, kwingine kote pakavu, sijui nimelikosea nini. Mama yako ana mapazia ya shule nzima, cherehani hainyamazi. Salamu zako nimezifikisha juu ya ukuta. Kuhusu kuvuta mshono hakunijibu kitu.

Watu bado wananiita Fundi Ijumaa. Juzi kwenye zahanati muuguzi aliandika hivyo hivyo kwenye kadi, akadhani ndilo jina nililopewa na wazazi. Sikumrekebisha. Nani alikuwa kama mimi enzi zile? Nikisema ndege itatoka Ijumaa, inatoka Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe. Hata sasa nikishonea watu maturubai na mito ya viti, siku ni ile ile.

Kuhusu Shangazi, mimi nasema hivi: vua kitambaa chote cha bawa la kushoto, ulivalishe upya. Kitambaa kikizeeka kimezeeka. Usijisumbue kuchunguza. Na kwa sasa msiiache juani, hata kwa muda wa kunywa chai.

Goti linaendelea vizuri. Kuku pia.

Mjomba wako


Tarehe 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nafurahi kusikia habari za kuku, ila nilikuuliza habari za bawa.

Hapa tuna wasiwasi tupu. Mkuu anazunguka banda mikono nyuma, kila saa anatazama kalenda. Nilimwambia tuvue kitambaa cha kushoto. Akaniuliza kwa nini. Nikasema kimezeeka. Akaniuliza kimechanika wapi. Nikasema hakijachanika. Akaniuliza basi nani kasema. Sasa ningemjibu nini? Kwamba nina mjomba mwenye kuku? Kuvalisha bawa zima ni wiki tano, Mjomba. Siwezi kusimamisha kazi ya watu wiki tano kwa maneno ya "mimi nasema hivi". Nipe sababu.

Acha niseme mwenyewe ninachofikiri, maana naona unazunguka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili bawa la kulia la Shangazi lilipochanika angani. Rubani alitua shambani, akavunjika mkono, tukashukuru hakuvunjika shingo. Mkaguzi akaja, akasema kitambaa kimefuata mstari wa mshono, kwa hiyo kosa ni la mshonaji. Na mshonaji alikuwa Mama. Aliondoka karakana jioni ile ile bila kusubiri kuambiwa, na mpaka leo ukimtajia ndege anakuuliza kama umekula. Shuleni walikuwa wananiita mtoto wa mshona hewa. Wewe hukuwasikia, ulikuwa kazini.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Hapa hakuna anayejua kwamba mama yangu alikuwa mshonaji wa ndege. Wakiniuliza kazi nimejifunza wapi nasema kwa mjomba. Mama namtoa kabisa. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa niambie kweli. Unachokiogopa kwenye bawa la kushoto ni mshono wa Mama?

Sindano


Tarehe 23 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya paa. Nilipanda kuziba, nikaziba pale, pakafunguka hapa, nikashuka nimechafuka lami mpaka kwenye nyusi. Mama yako alinitazama kutoka kwake, akacheka. Ni mara ya kwanza namwona akicheka mwaka huu. Nilitamani nichafuke tena kesho yake.

Nilianza kukuandikia mara nne. Za kwanza tatu nimewashia jiko.

Mshono wa mama yako hauna neno. Nakuapia kwa kaburi la bibi yako. Hakuna mtu aliyeshona bawa kama mama yako, wala sitamwona mwingine. Hilo lishike.

Bawa liwekeeni turubai zito. Mwambie mkuu wako kwamba Fundi Ijumaa amesema livuliwe, labda jina langu amewahi kulisikia.

Nilikuwa na neno moja zaidi lakini karatasi imeisha.

Mjomba wako


Tarehe 6 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Umeandika karatasi imeisha, mbona nusu nzima ya ukurasa ni nyeupe? Nimeigeuza juani, nimeigeuza dirishani, sikuona kitu. Paa likiisha kukusumbua utaniambia.

Lakini leo sina ugomvi na wewe, leo nina furaha. Ulipokula kiapo kuhusu mshono wa Mama niliamua kuutazama mwenyewe. Nimefungua vidirisha vyote vya chini ya bawa la kushoto, nimelala chali siku mbili na kioo cha mkononi, nimetazama fundo baada ya fundo. Mjomba, yako sawa yote! Uzi una nta yake, nafasi ni zile zile, hakuna hata fundo moja lililoteleza. Nilitoka chini ya bawa machozi yananitoka, mafundi wenzangu wakadhani vumbi. Kwa hiyo la kulia alilikosea siku moja tu, labda alikuwa anaumwa, labda nilimsumbua mimi, lakini mkono wake haukuwa mbovu.

Basi nimetia sahihi kwamba bawa ni zima. Kitambaa pia nimekipima kwa kile kifaa cha kubonyeza, upande wa chini, kikavumilia vizuri. Juu mkuu hakutaka nibonyeze kwa sababu ya rangi mpya, na sikubishana, kwani tatizo lililokuwa linasemwa miaka yote ni mshono, na mshono nimeuona. Silva ipo, niliiona mkiani.

Hapa kuna sheria ya mkuu: fundi aliyetia sahihi ndiye anayekaa kiti cha nyuma safari ya kwanza. Anasema inawafanya watu wakaze skrubu vizuri. Kwa hiyo tarehe 20, saa nne asubuhi, nitakuwa juu ya mashamba ndani ya Shangazi, kiti changu kikiwa na samaki wangu. Na utafurahi, ni siku ya Ijumaa!

Mwambie Mama kama atakubali kusikia. Simu zetu siku ya kurusha ndege zinakaa kabatini, mwenye shida anapiga ofisini, nambari nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mpwa wako mwenye furaha,
Sindano


Tarehe 21 Mei

Mpwa wangu,

Uko hai. Mama yako alinionyesha kidole gumba juu ya ukuta jana mchana, nikajua uko hai, nikakaa chini pale pale kwenye matope. Sasa naandika na karatasi ninayo tele.

Barua yako ilinifikia jana saa tatu na nusu asubuhi. Mwenye duka aliichukua posta juzi akaisahau kwenye mfuko wa koti. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye "nimetia sahihi" nikatazama saa, nikatazama tarehe. Nikaigeuza bahasha, nikapiga ile nambari mwenyewe. Kuna mtu alipokea, nilisikia kitu kama nyuki kwenye chupa. Nikapiga kelele, "Bawa! Bawa!" Nyuki akazungumza kidogo, akakata. Nikapiga tena, akakata tena.

Hakukuwa na mwingine ila mama yako. Na ili apige ilinibidi nimwambie aseme nini.

Nilimkuta kwenye cherehani. Nikamwandikia? Hapana, nilisema kwa mdomo wangu, na yeye akaniandikia majibu kwa chaki ya fundi juu ya kile kitambaa cha mapazia, kwa sababu simsikii. Kitambaa hicho ninacho. Nakuandikia kama ilivyokuwa.

Nikasema, "Piga simu kwa binti yako. Mwambie asipande ile ndege."

Akaandika: Kwa nini?

"Bawa la kushoto halina silva."

Unajuaje?

"Nililipaka mimi. La kulia nalo halikuwa na silva. Mshono wako haukuwa na kosa, dada. Haukuwahi kuwa na kosa."

Aliweka chaki chini. Alichukua simu. Nilimwona anavyozungumza, midomo imekaza, mkono mwingine umeshika ukingo wa meza. Alizungumza muda mfupi sana. Baada ya hapo tulikaa tukingoja mpige kutoka huko, mimi nilikuwa natazama ile simu tu. Ilipowaka taa akasikiliza, akaiweka chini, na ndipo nikatoka nje kwa sababu sikuweza kumtazama, na ndipo akaninyooshea kidole gumba.

Sasa la moyoni. Silva iliisha tukiwa tumemaliza mkia. Kopo jipya lilikuwa wiki tatu mbali. Mwenye ndege alikuwa ameambiwa Ijumaa, na aliyemwambia ni mimi, mbele ya karakana nzima, kifua mbele. Nikajiambia bluu ni nzito, itatosha. Nani hufunua rangi kutazama chini? Mama yako hakujua, alikuwa ameshamaliza kushona na kwenda zake. Ndege ikatoka Ijumaa, wakanipigia makofi.

Waliiegesha miaka miwili, nusu chini ya kibanda na nusu nje. Bawa la kulia lilikuwa upande wa jua. Nyuzi zikaliwa, na kitambaa kibovu huanza kuachia pale kilipotobolewa na sindano. Ndiyo maana mkaguzi aliona mstari wa mshono. La kushoto lilikuwa kivulini, likabonyezwa siku hiyo likaonekana zima. Nilisimama pale nikasikia wanamtaja mama yako, nikangoja mtu aulize habari za silva. Hakuuliza mtu. Nikajiambia nitasema kesho.

Jana jioni aliandika tena kwa chaki. Aliandika: Miaka kumi na minne navuta kila mshono mara tatu. Ulikuwa unaniona?

Nikasema nilikuwa namwona.

Kila siku?

Nikasema kila siku.

Mjomba wako


Tarehe 30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu nimelelewa hivyo.

Nilikuwa nimeshafunga mkanda. Rubani alikuwa anasubiri mtu wa kuzungusha panga la mbele ili injini iwake. Karani akatoka ofisini mbio, viatu mkononi, anapiga kelele kwamba kuna mama kwenye simu, labda ni jamaa ya yule mzee wa "bawa bawa", na kwamba huyu amekataa kukata. Nikashuka. Mama hakunisalimia. Alisema: "Funga milango ya banda. Ingiza taa ndani ya bawa la kushoto. Ukiona mwanga kwa nje, mtu asipande." Nikamuuliza, "Mama, nini?" Akasema, "Taa kwanza."

Tukairudisha ndani, tukafunga milango. Nikapitisha taa kwenye kidirisha cha chini. Bawa la kulia halikuonyesha kitu, kiza kitupu, kama inavyotakiwa. La kushoto liliwaka lote. Lote, Mjomba, kuanzia mwanzo mpaka ncha, jekundu, mbavu zikaonekana moja moja na kila fundo la Mama juu yake. Nikaweka kidole gumba upande wa juu, pale penye rangi mpya, nikabonyeza. Sikutumia nguvu. Kilizama kama kwenye mkate.

Mkuu alinitazama, akatazama karatasi yenye sahihi yangu. Amenizuia kutia sahihi kwa miezi sita. Ana haki. Nilipima chini kwa sababu nilitaka kuamini, na silva ya mkiani nikaifanya silva ya ndege nzima.

Lakini nikilala nafikiri jambo moja tu. Nilitumia siku mbili chini ya bawa hilo nikitafuta kosa. Nililitafuta pale mlipotuonyesha. Msingetuonyesha pale, ningekuwa nimetazama kitambaa kama fundi yeyote. Wewe ulituachia uongo, na uongo wako ndio niliokuwa naukagua kwa kioo.

Na uliniacha nimwonee aibu mama yangu. Nimewaambia watu nimefundishwa na mjomba. Hilo linaniuma kuliko bawa.

Uliandika mara nne ukawashia jiko. Barua hii usiiwashie jiko.

Sindano


Tarehe 12 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Ninayo barua yako ukutani, nimeipiga msumari.

Habari za huku ni hizi. Mama yako hanisemeshi. Anapika, anaweka sahani yangu juu ya ukuta, anagonga mara moja, anaondoka. Sijawahi kula vizuri hivi na nikashindwa kumeza hivi. Cherehani ilinyamaza siku tatu. Mapazia ya shule yamebaki yana maandishi ya chaki, na mwalimu aliyekuja kuyauliza alisoma, akaondoka bila kuuliza.

Nimeandika barua tano. Moja kwa yule mkaguzi, amestaafu lakini yupo. Moja kwa bosi wetu wa zamani. Moja kwa rubani aliyevunjika mkono. Mbili kwa ndugu, nikaomba zisomwe kwa sauti kila nyumba ilikosemwa maneno juu ya mama yako, na unajua ni nyumba zote. Niliandika nani alipaka, nini hakikupakwa, na nani alinyamaza. Kabla sijazituma nilimpa mama yako azione. Alikuwa na kalamu nyekundu. Nilipoandika "kulitokea upungufu wa silva" alikata, akaandika juu yake: "sikupaka". Nikaandika upya zote tano.

Bosi wa zamani amejibu. Anamwomba mama yako radhi. Mama yako aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye kopo la vifungo.

Jana nikiwa barabarani mtu aliniita, "Fundi Ijumaa!" Nikaendelea kutembea kana kwamba sikusikia. Kuna faida ya kuwa kiziwi.

Wewe sikuombi msamaha hapa. Barua ndizo zilizonisaidia kujificha, sitazitumia tena kwa kazi kama hiyo.

Leo asubuhi mama yako alipita kwangu kwa mlango, si kwa ukuta. Alikuwa na sanduku dogo na ile sindano ndefu iliyopinda, ya kushonea mabawa. Sikujua kama aliitunza. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, haina kutu hata chembe. Alinionyesha, akaelekeza njia ya stendi ya mabasi. Nilimbebea sanduku mpaka kwenye gari. Sindano hakunipa niibebe.

Mpokee.

Mjomba wako


Tarehe 4 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama alifika amechoka, miguu imevimba, akakataa kukaa. Alitaka kuona bawa kwanza. Tulikuwa tumeshalivua, mbavu ziko wazi, na kile kitambaa cha zamani kiko pembeni kimekunjwa. Alikiokota, akachana kipande kwa mikono miwili kama karatasi, akatazama mishono yake ambayo bado ilikuwa imeshika. Akasema, "Basi." Kisha ndipo akaomba maji.

Nilimpeleka kwa kila mtu karakana. Nikasema huyu ni mama yangu, ni mshonaji wa mabawa, amenifundisha kabla sijajua nafundishwa. Mkuu alivua kofia. Rubani alimshika mkono akausahau mkononi. Mama akaniambia pembeni kwamba watu wa hapa wanapenda sana kushikana mikono.

Ameshona siku tisa. Mimi nilikuwa chini kumrudishia sindano, yeye juu. Siku ya kwanza alivuta kila fundo mara tatu, na mimi nikawa nahesabu moyoni. Siku ya nne nikahesabu mbili. Jana, kwenye ubavu wa mwisho, alivuta mara moja, akakata uzi kwa meno, akasogea.

Sijui bado nina hasira kiasi gani na wewe. Asubuhi nyingine ninayo nyingi, nyingine naikuta imepungua. Nakwambia hivyo kwa sababu tumekubaliana kuambiana.

Bawa sasa limepigwa pasi na kupakwa dawa, linalia vizuri ukiligonga. Silva hatujapaka. Kopo lipo, limejaa, halijafunguliwa. Mama amelifunika bawa kwa shuka mbili na kutundika turubai upande wa jua, na mtu hagusi. Mkuu amemuuliza mara mbili tunangoja nini. Mama akamwambia, "Tunamngoja mpakaji."

Ameniagiza niandike maneno yake kama yalivyo. Anasema hajakusamehe. Anasema ulete ile brashi yako pana, za hapa zinaacha nywele. Anasema ukimaliza kupaka atafunga milango na kuingiza taa ndani ya bawa mwenyewe, na wewe utasimama hapo hapo mbele yake mpaka aseme taa izimwe.

Na safari ya kwanza amemwomba mkuu kiti cha nyuma kiwe chake. Mkuu alimuuliza kama haogopi. Akajibu kwamba mshono anaujua, na silva ataiona kwa macho yake.

Kwa hiyo njoo, Mjomba. Hakuna anayekuhimiza, kaa wiki mbili ukitaka, tatu ukitaka, paka tabaka moja likauke ndipo upake la pili. Njoo siku yoyote unayoweza. Isipokuwa Ijumaa.

Sindano